Kabureta Husingiziwa

Simama na baiskeli ya injini iliyozimika kando ya Barabara ya Kangundo, na kabla hujashuka vizuri utaambiwa, "Ni kabureta hiyo." Atasema kijana wa boda boda, atasema muuza mahindi ya kuchoma, atasema fundi ambaye hata hajainama kutazama. Naelewa kwa nini. Kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, iko nje, inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, inanuka petroli, na mtu akiishika huonekana yuko kazini. Magneti inayotoa umeme wa cheche imefichwa chini ya kifuniko, ufa wa gasketi hauonekani kwa macho, na kitundu cha kifuniko cha tangi wengi hawajui hata kama kipo. Basi lawama yote huangukia pale penye skrubu.

Mimi nashikilia kinyume. Kabureta ifunguliwe mwisho, na ikifunguliwa, iwe kwa sababu inayotajika. Na ukishafika kwake, hapa Nairobi kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawalitaji kabisa ingawa limetuzunguka mchana na usiku: urefu wa mji huu kutoka usawa wa bahari. Nitalifikia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia chombo gani. Ni zile injini ndogo za tu-stroki, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, zinazokuja katika boksi kutoka China pamoja na tangi, mnyororo, sproketi na ekzosi, unazifunga mwenyewe kwenye fremu ya baiskeli. Boksi likiandikwa 80, usiamini sana. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa milimita 38 hutoa sentimita za ujazo 66, piga hesabu mwenyewe. Yangu imefungwa kwenye baiskeli ya Black Mamba iliyokuwa ya baba mdogo, fremu ya chuma kizito ambayo imebeba magunia ya viazi maisha yake yote na haikushtuka kuongezewa injini.

Kabureta yake ni ya slaidi. Hakuna sahani inayozunguka ndani kama ya gari. Ukizungusha mkono wa mafuta, ule ulio kwenye usukani, kebo inavuta kipande cha chuma cha duara, ndiyo slaidi, kwenda juu, koo la kabureta linafunguka, hewa inapita. Chini ya slaidi kumening'inia sindano iliyochongoka, imeingia kwenye tundu la petroli. Ikipanda, tundu linaachia petroli zaidi. Ukiachilia mkono, springi inairudisha slaidi chini. Basi. Mkono mmoja unaamua hewa na petroli kwa pamoja, na ndiyo sababu hitilafu ya mkono huvaa sura ya hitilafu ya mafuta.

Kwa hiyo anza mkononi. Zima injini, toa chujio la hewa, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho kisha uuachilie ghafla. Unatakiwa kusikia "tak!", slaidi ikigonga chini. Ukiisikia, kebo na springi zimepona na unaweza kwenda mbele. Ikirudi polepole, au ikirudi nusu, huna haja ya kugusa leo jeti yoyote, vile vipande vyenye tundu dogo la kupimia petroli.

Kebo hufia mahali pale pale karibu kila mara: pale inapopinda kutoka kwenye mkono. Uzi mmoja mwembamba unakatika, unajikunja ndani ya ganda, unaanza kukwaruza. Siku chache baadaye nyuzi tatu zimekatika na mkono umekuwa mzito. Kuipaka oili huko ni kuahirisha tu; badilisha. Kebo ya breki ya baiskeli inaweza kufaa kwa dharura kama kichwa chake cha risasi kinaingia kwenye slaidi, lakini nyingi ni nene na ngumu, nazo huchosha mkono.

Kwa Black Mamba kuna shida ya ziada. Kebo ya seti hizi imekatwa kwa ajili ya usukani ulionyooka, na usukani wa Black Mamba umerudi nyuma, tena una vyuma vya breki vinavyopita chini yake. Ukiilazimisha kebo ipite katikati ya vyuma hivyo, inabanwa. Jaribio lake ni rahisi: injini ikinguruma pale pale, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Sauti ikipanda upande mmoja, kebo ni fupi au imenyongwa na zile kamba za plastiki tunazobania nyaya kwa nguvu zote. Acha ulegevu wa milimita 2 au 3 mkononi kabla slaidi haijaanza kupanda.

Halafu kuna kile kinundu cha plastiki ndani ya mkono. Kinatakiwa kuingia kwenye tundu dogo linalotobolewa kwenye usukani, ili ganda la mkono lisizunguke. Mafundi wengi hawatobi. Wanakikata kinundu kwa kisu, wanakaza skrubu, wanakuambia "itashika tu, boss." Inashika mpaka siku ya mvua. Tangu hapo unazungusha, ganda zima linazunguka nawe, slaidi inafunguka robo, na unaambiwa injini imechoka.

Slaidi yenyewe ina pande mbili ambazo si sawa. Upande mmoja una mfereji mrefu unaopita kwenye pini ndogo ndani ya kabureta. Upande wa pili una mfereji wa mteremko ambao skrubu ya mngurumo wa kutulia huegemea. Ikirudishwa kinyume, haishuki hadi chini, na injini ikiwaka inapiga kelele ya juu kabisa bila kuguswa. Nimeona mtu akikaza na kulegeza ile skrubu mpaka kichwa chake kikalika, kumbe slaidi imetazama nyuma.

Na ikikwama juu ukiwa barabarani? Hapa silaha ni swichi ya kuzima, kisha klachi, kwa mpangilio huo. Ukibana klachi kwanza, injini inabaki bila mzigo na inaruka kasi inayoweza kuiua. Swichi ikigoma, funga choki yote, ile inayobana hewa ya kuingia. Injini itazama kwa petroli. Kufunga bomba la tangi hakutakusaidia kwa wakati, kwa sababu bakuli la kabureta bado lina akiba ya kukufikisha mbele ya matatu uliyokuwa unaikwepa.

Sasa, kuna injini ambayo "tak" inasikika safi, lakini ukiachilia mkono sauti haishuki. Inaning'inia juu, inachelewa, wakati mwingine inapanda yenyewe ikishapata moto. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye kebo na kuibadilisha bure. Hii ni hewa ya wizi: hewa inayoingia baada ya kabureta, bila kupimiwa petroli. Mchanganyiko unakuwa mkavu, mkavu huwaka kwa joto kali, na tu-stroki hutegemea petroli hiyo hiyo kubeba oili ya kulainisha pistoni. Petroli ikipungua, oili imepungua pia. Kwa hiyo hili si la kuvumilia hadi mwisho wa mwezi.

Hewa ya wizi ina milango miwili mikuu. Wa kwanza ni kati ya bomba la kuingizia na silinda, penye gasketi ya karatasi na bolti mbili. Bomba hilo la aluminiamu mara nyingi halijanyooka usoni. Weka karatasi ya msasa laini juu ya kioo, sugua uso wa bomba kwa mduara, na utaona alama zinang'aa pembeni tu huku katikati pakiwa pameguswa kidogo au hapajaguswa. Endelea mpaka uso wote ung'ae. Gasketi unaweza kukata mwenyewe. Karatasi ya gasketi huuzwa kwa kipande kule Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na mkasi wa nyumbani unatosha.

Ninachokipinga ni gundi ya silikoni. Fundi akiona gasketi inavuja, anamimina silikoni nyeusi mpaka inafurika. Silikoni ya kawaida haipendani na petroli: inavimba, inalainika, inabanduka vipande. Sehemu yake inaingia kwenye silinda, na kama aliipaka pia kwenye bakuli, vipande vinakwenda kuziba jeti. Wiki mbili baadaye unarudi kwake, anafungua kabureta, anakuonyesha uchafu, na unalipa mara ya pili kwa uchafu aliouweka mwenyewe.

Mlango wa pili ni pale kabureta inapovaa kwenye bomba na kubanwa kwa kola yenye skrubu moja. Shika kabureta uitingishe. Ikicheza hata kidogo, hewa inapita. Ringi ya mpira unaovumilia petroli, ikikaa ndani ya kola ili mdomo wa bomba uigandamize, humaliza hadithi. Ukiwa hapo hakikisha kabureta imesimama wima. Ikilala upande, kimo cha petroli ndani ya bakuli hubadilika na kila kipimo kitakachofuata kitakudanganya.

Kupima hewa ya wizi, watu hutumia sprei ya kusafishia kabureta: injini ikinguruma, unapuliza kidogo kwenye viungo na kusikiliza kama sauti inabadilika. Inafanya kazi, ila inashika moto. Fanya wakati injini ni baridi, mbali na ekzosi, na mbali na yule jirani anayekuja kutazama akiwa na sigara mdomoni. Maji ya chupa ya kupulizia nywele hutosha pia. Injini ikimeza matone hayo kupitia ufa, sauti inayumba.

Upande wa tangi nitapita haraka, kwa kuwa majaribio yake ni mepesi. Kama baiskeli inakwenda vizuri kutoka Umoja, ikifika karibu na Donholm inazima, na baada ya kupumzika inawaka tena, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuu" na injini ikakubali mara moja, kitundu cha hewa cha kifuniko kimezibwa na vumbi au rangi. Pini ya nguo inatosha. Kama si hivyo, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta uuelekeze kwenye chupa: petroli inatakiwa itiririke, isidondoke. Ikidondoka, kagua wavu mdogo ulio juu ya bomba ndani ya tangi, maana matangi haya huacha vipande vya rangi na kutu tangu yakiwa mapya.

Maji ni jambo la msimu. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, huingia kwenye matangi kupitia vifuniko hivyo hivyo, na hata kwenye mitungi ya akiba tunayoacha nje. Mwaga petroli ya bakuli kwenye glasi safi. Maji hukaa chini kama shanga. Kuhusu petroli iliyotiwa mafuta ya taa, serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, makusudi ili kuchanganya kusilipe. Hata hivyo ukinunua kwa chupa kando ya barabara, pima: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, liache likauke. Petroli safi huondoka bila kuacha kitu, mafuta ya taa huacha doa la grisi. Pima kabla ya kutia oili, la sivyo doa litakuwa lako.

Tumefika kwenye bakuli. Boya, linaloelea juu ya petroli, na vali linayoifunga bakuli likijaa, huleta lalamiko moja kubwa, kabureta kumwaga petroli chini. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi kwanza; mara nyingi ni punje ya mchanga iliyokaa kwenye kiti cha vali, na mtikiso unaiondoa. Isipoacha, fungua, tikisa boya karibu na sikio, na kama lina petroli ndani, limetoboka. Jeti isafishwe kwa hewa. Vijana wa presha wenye kompresa wako kila kona ya mji huu na watakupulizia kwa bei ya kujaza tairi moja. Kama hewa haitoshi, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa stima. Usitumie sindano ya chuma wala waya wa breki. Jeti ni shaba laini, na ukishaikwaruza imekuwa saizi nyingine ambayo hakuna anayeijua.

Na hapa ndipo wengi huishia. Kabureta imesafishwa, hakuna hewa ya wizi, kebo ni mpya, na bado baiskeli ikifunguliwa mafuta yote inatoa sauti ya "brr-brr-brr" iliyokatika, haifiki kasi, moshi mwingi, plagi ya cheche nyeusi yenye unyevu. Fundi anasafisha tena. Anabadilisha plagi. Plagi mpya inakuwa nyeusi kufikia jioni.

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Shinikizo lake ni karibu sehemu nne kwa tano za lile la Mombasa. Kabureta haina habari hiyo. Haipimi uzito wa hewa, inapima mvuto unaotokea hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake, na kwa mvuto huo inatoa petroli. Hewa ikiwa nyepesi mvuto nao hupungua, kwa hiyo petroli inapungua kiasi, lakini haipungui kwa kadiri hewa ilivyopungua. Ukifanya hesabu, mchanganyiko hapa unakuwa mzito kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, kwa jeti ile ile na sindano ile ile. Ni birika la vikombe tisa lililotiwa sukari ya vikombe kumi. Na seti hizi kwa kawaida hutoka kiwandani tayari zikiwa zimewekwa upande wa petroli nyingi, ili injini mpya isiungue mikononi mwa mnunuzi.

Kwa hiyo baiskeli nyingi za Nairobi zinazoitwa chafu hazina uchafu wowote. Zimeshiba.

Kujua imeshiba wapi, bandika kipande cha selotepu nyeupe kwenye mkono wa mafuta na chora alama: robo, nusu, robo tatu. Kisha endesha mahali pasipo na magari, ukishikilia kila alama kwa muda. Kuanzia kufungwa hadi robo, anayetawala ni umbo la slaidi na ile skrubu ya mngurumo. Kabureta hizi ndogo hazina jeti ya pili ya mwendo wa chini. Kati ya robo na robo tatu ni sindano. Kutoka robo tatu kwenda juu ni jeti kuu. Mtu anayesema tu "inamisi" hajakwambia kitu. Mwulize inamisi mkono ukiwa wapi.

Kutofautisha iliyoshiba na yenye njaa, tumia choki. Wakati inasumbua, funga choki kidogo tu. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kukohoa, imeshiba. Au fanya kinyume: funga bomba la tangi ukiendelea kwenda. Kimo cha bakuli kikianza kushuka, injini iliyoshiba hupata uhai kwa muda mfupi kabla ya kuzima, na ukishausikia mlio ule hutausahau, laini, mkali, bila mikato. Huo ndio mlio unaoutafuta.

Sindano ina mifereji midogo minne juu yake na klipu ndogo ya chuma. Klipu ikihamishwa juu, sindano inashuka, petroli inapungua. Klipu ikishushwa, sindano inapanda. Watu huchanganya hapa kila siku, kwa hiyo tazama sindano usitazame klipu. Yangu nilihamisha mfereji mmoja juu na katikati ya mkono pakanyooka pale pale. Fanyia kazi hiyo juu ya kitambaa cheupe ndani ya chumba. Klipu ile ikiruka kwenye vumbi la Kayole, imekwenda.

Jeti kuu ni kazi zaidi, kwa sababu jeti ndogo za kabureta hizi si rahisi kuzipata madukani hapa. Usilazimishe jeti ya pikipiki. Pima hesi kwanza, yaani meno yake ya skrubu. Njia niliyoipenda ni hii: chukua jeti ya ziada, izibe kwa risasi ya kuchomelea, kisha itoboe upya kwa drili nyembamba za kutobolea bodi za elektroniki. Vijana wa kutengeneza simu pale Luthuli Avenue wana mkono mtulivu kuliko fundi yeyote wa pikipiki ninayemjua. Kutoka tundu la milimita 0.70 kwenda 0.65, eneo la tundu linapungua kwa karibu asilimia 14. Sikia vizuri: asilimia 14, kwa tofauti ya unene usiouona kwa macho. Ndiyo maana ninaogopa waya wa breki ndani ya jeti.

Baada ya kila badiliko soma plagi. Endesha mafuta yote, zima kwa swichi na ubane klachi kwa pamoja, simama, fungua. Rangi ya kahawia, ya chai ya maziwa au kidogo zaidi, ni sawa. Nyeusi yenye unyevu, bado imeshiba. Nyeupe, ina njaa, rudi nyuma leo hii, usingoje kesho.

Binamu yangu aliondoka na baiskeli iliyorekebishwa hivi akaipeleka Kisauni, Mombasa, juu ya lori. Baada ya siku kadhaa akapiga simu, injini inapoteza nguvu ikipata moto na plagi imekuwa nyeupe.

"Rudisha klipu ilikotoka," nikamwambia. "Na ile jeti ya zamani uirudishe."

"Si wewe ulisema hii ndiyo sawa?"

"Sawa ya huku. Huko hewa ni nzito, inataka petroli yake yote."

Kinyume chake ni mtu wa Limuru, aliye juu ya mita 2,200. Akipanda kutoka Westlands kwa Waiyaki Way, atashangaa kwamba baiskeli iliyokuwa tamu mjini inaanza kukohoa juu huko, na si mlima peke yake unaomlemea.

Neno moja kuhusu oili, maana linahusu kabureta kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiona moshi mwingi anasema oili ni nyingi na mchanganyiko ni mzito, kwa hiyo anapunguza oili. Lakini jeti hupitisha ujazo. Ukiweka oili nyingi zaidi ndani ya lita ile ile, petroli ndani yake imepungua, kwa hiyo kwa upande wa petroli injini imekuwa na njaa zaidi, si kushiba. Ukipunguza oili, umeongeza petroli kidogo. Chagua kipimo kimoja ukae nacho ndipo urekebishe kabureta. Mimi hutumia moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40 kwa kila lita. Injini mpya ipewe zaidi, moja kwa ishirini au hata kumi na sita. Na pima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kifuniko cha chupa si kipimo.

Chujio la hewa nalo lisisahaulike. Kwa sisi wa upande wa Njiru na Ruai, vumbi linajaza sponji haraka, na sponji iliyojaa hubana hewa, injini ikashiba upya baada ya kazi yote ile. Ioshe kwa sabuni, ikamue, ikauke, ipake oili kidogo. Ikilowa mvua, matokeo ni yale yale.

Ekzosi pia hujifanya kabureta. Baada ya miezi ya mchanganyiko mzito, masizi hubana njia ya moshi, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Bomba la ndani la ekzosi hizi hutoka kwa nati moja mwishoni. Lisugue, na chungulia tundu la silinda ukiwa hapo.

Kisha nyaya. Jirani yangu alikuja analalamika kwamba baiskeli yake inakohoa na kuzima, lakini si kila mahali. Nikamwuliza inakohoa mkono ukiwa wapi. Akasema mkono hauna maana, inakohoa akipinda.

"Ukipinda wapi, jirani?"

Akafikiri. "Kushoto. Kulia inakwenda tu."

Nikachomoa waya wa swichi ya kuzima, nikampa azunguke mtaa. Akarudi anacheka. Waya ulikuwa umelika pale unapopita kwenye shingo ya usukani, na kila alipopinda kushoto shaba iligusa fremu ikazima cheche. Utepe wa umeme ukamaliza kazi. Kabureta yake ilikuwa imeoshwa na mafundi watatu, na ilikuwa safi kuliko yangu.